Vidonge vya Mifupa: Nani Anavihitaji?
Mifupa hujengwa kwa kalsiamu, na vitamini D ndiyo inayouwezesha utumbo kuifyonza. Kwa hiyo wanaonunua vidonge vya virutubisho hivyo viwili kwenye maduka ya dawa ya Malindi na Kilifi huamini kuwa ni kinga kwa kila mtu. Majaribio makubwa hayasemi hivyo.

Mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa walitangaza matokeo ya wanawake 3,270 wa nyumba za kutunzia wazee. Waliopewa miligramu 1,200 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku walipungukiwa na visa vya kuvunjika nyonga kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wenzao. Nchini Marekani, jaribio la VITAL la watu wazima 25,871 lilionyesha mwaka 2022 kwamba yuniti 2,000 za vitamini D kwa siku hazikupunguza kuvunjika kwa mifupa. Tofauti iko kwa wanaomeza: wale wa Ufaransa walikuwa na upungufu, wengi wa Marekani hawakuwa nao.

Pwani je? Mwaka 2021 wanasayansi wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, pamoja na wenzao, walichapisha vipimo vya watoto wa nchi tano za Afrika, wakiwemo wa Kilifi. Wenye upungufu mkubwa wa vitamini D hawakufika asilimia 1. Jua linafanya kazi yake, ingawa si kwa mtoto anayefungiwa ndani wala kwa nyanya asiyevuka kizingiti.

Kalsiamu ni jambo jingine, maana haitoki juani. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, kiasi ambacho sima na mchuzi mtupu havifikii. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, maziwa lala, ufuta na sukuma wiki husaidia sana. Mchicha unasifiwa kupita kiasi: kalsiamu imo, lakini asidi ya oksaliki huing'ang'ania, na mwili hupata kidogo.

Anayelazimika kutumia vidonge asimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, kwani utumbo haufyonzi vizuri dozi kubwa. Kalsiamu kaboneti humezwa pamoja na chakula. Katika utafiti wa wanawake 36,282 wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, waliopewa kalsiamu na vitamini D walipata mawe ya figo zaidi. Dozi kubwa ya mara moja nayo ina hatari zake: mwaka 2010 huko Australia, wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 za vitamini D kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Unga wa mifupa na wa maganda ya chaza umewahi kukutwa na madini ya risasi.

Kalsiamu hugongana pia na dawa nyingine. Hupunguza nguvu ya tetrasaiklini, siprofloksasini na dawa za tezi ya shingo. Anayetumia dolutegravir ya virusi vya UKIMWI aimeze pamoja na kalsiamu wakati wa chakula. Akiwa hajala, atangulize dolutegravir saa mbili kabla ya kalsiamu, au aisubirishe saa sita baada yake.