Je, Wajua? Maji ya Rejeta Yapoteapo Pasipo Tone Kuanguka

Mjini Kisii, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwa takriban digrii 94, wala si 100 kama Mombasa. Kwa sababu hiyo gari lipandalo kwenda Keroka au Nyamira, ambalo mpira wa kifuniko cha rejeta yake umechakaa hata hauzuii tena shinikizo, laweza kupoteza maji kwa mvuke bila ya kuacha athari yoyote ardhini. Kifuniko kikiwa salama, fundi hodari hupapasa zulia chini ya dashibodi, maana hita huvuja humo kwa siri, kisha hutazama oili: ikifanana na chai ya maziwa, yamkini gasketi ya hedi imefisidika. Tafadhali, usifungue kifuniko injini ingali ya moto.