Makao ya Uangalizi kwa Mzazi au Ndugu Asiyejiweza: Amana, Si Aibu

Nakala ya darsa ya Ramadhani, baada ya sala ya Alasiri, Mesaimeer, Doha



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, leo tuna maudhui ambayo familia nyingi za Waswahili wa ughaibuni zinayo, ila huyasema kwa sauti ya chini. Ni suala la kumhamisha mzazi mkongwe, au ndugu mwenye ulemavu, kutoka nyumbani kwenda kuishi mahali penye wasaidizi wa kumwangalia.

Tuchukue mfano. Mama yuko Mombasa, au Tanga, au Unguja. Ameanguka mara mbili msalani, dawa anazisahau, na usiku huamka akafungua mlango akatoka. Binti mmoja amebaki naye. Wana watatu wako Ghuba, wanatuma fedha kila mwezi. Binti anasema: nimeshindwa, natutafute mahali. Wana wanajibu kwa simu: sisi mama yetu hatumpeleki nyumba ya wazee, watu watasemaje? Simu inakatwa, na binti anarudi kulala kizingitini ili mama asitoke.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali huuona mwepesi. Kwa hiyo hukumu ya jambo hili haianzi kwa "watu watasemaje". Inaanza kwa haki za watu wawili: mwenye kuuguzwa na mwenye kuuguza.

Baadhi ya ndugu hutoa hoja katika Sura ya Al-Israa, aya ya 23. Wanasema aya imetaja mzazi kufikia uzee akiwa "kwako", basi ni lazima awe ndani ya nyumba ya mwanawe. Neno hilo ladhihirisha kuwa mzazi yuko chini ya uangalizi wako, wala si kipimo cha kuta. Lililokatazwa katika aya ni kumguna na kumkemea. Lililoamrishwa ni wema na kauli ya heshima. Mtu aweza kukaa na mama chumba kimoja akamguna kutwa mara tano kwa uchovu. Na mwengine aweza kumweka mahali salama, akamzuru, akamlisha kwa mkono wake, akamfurahisha.

Asili yabaki kuwa mzazi akae kwake, kati ya watu wake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuleta msaada nyumbani: kumwajiri mtu wa kumwangalia mchana, kuweka vishikio msalani, kumpa binti siku zake za mapumziko. Hayo yakishindwa, na madhara yakawa makubwa kwa mgonjwa au kwa anayemuuguza, kanuni ya sheria yetu ni kwamba madhara huondolewa. Hapo kuhama si kumtupa mtu.

Tazameni mfano tunaoukumbuka kila Ramadhani. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafundisha Waislamu kuwa adhana ya Bilal ni ya usiku, waendelee kula na kunywa hadi atakapoadhini Ibn Umm Maktum. Huyu alikuwa kipofu. Hakuweza kuiona alfajiri, basi alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa asubuhi imeingia. Hakuondolewa kazi yake kwa sababu ya upofu. Alipewa msaada katika lile moja asiloliweza, na yaliyobaki akayafanya mwenyewe, hata mji mzima ukafunga kwa sauti yake. Hiki ndicho kipimo cha makao mema: je, yamsaidia mtu katika asiloliweza, au yamnyang'anya na yale anayoyaweza?

Wala jambo hili si geni katika umma wetu. Wanahistoria wameandika kuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, mwaka 88 Hijria, sawa na 707 Miladia, aliwapangia wasiojiweza mtumishi kwa kila kiwete na mwongozaji kwa kila kipofu. Katika Cairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mwaka 1284, ikaendeshwa kwa mali ya wakfu. Huko kwetu Zanzibar, makao ya wazee ya Sebleni na Welezo kisiwani Unguja, na Limbani kisiwani Pemba, yanajulikana kwa miaka mingi. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar huwapa pensheni ya kila mwezi wazee wote waliofikia miaka 70. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, imewahakikishia wazee kuishi kwa heshima na kupata uangalizi wa familia na wa dola. Familia imetajwa pamoja na dola; hakuna aliyeachiliwa jukumu.

Sasa, njia ya kulipanga jambo hili.

Kwanza, shura, na aanze mwenyewe. Aulizwe apendacho na akichukiacho. Hata aliyepungukiwa na kumbukumbu hujua anayemtaka karibu na chakula asichokipenda. Kisha asikilizwe anayemuuguza, kabla ya wanaotuma fedha. Saa ya Doha na saa ya Afrika Mashariki ni moja, basi baada ya Tarawehe familia nzima yaweza kukutana kwa simu bila ya kisingizio.

Pili, daktari ampime, ili ijulikane ni lipi hasa asiloliweza: kutembea, kuoga, dawa, au kumbukumbu. Maradhi mengine hutibika, na mtu akabaki nyumbani.

Tatu, makao yakaguliwe kwa macho. Aende mtu wa familia mchana, na arudi usiku. Aulize: usiku wapo wasaidizi wangapi? Nani humwogesha mwanamke? Kusitiri uchi wake ni haki isiyoanguka kwa uzee. Je, chakula ni halali, maji ya udhu yapo karibu, kibla chajulikana, na jamaa huruhusiwa kuingia saa zipi?

Nne, mapatano yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, imehusu kuandika deni. Basi kiandikwe kiasi cha malipo, kinachomo ndani yake, na namna ya kumtoa pasipomfaa.

Tano, mali. Mzazi mwenye mali yake hutumiliwa kwa mali hiyo. Asiye nayo, nafaqa yake, yaani matumizi yake, ni wajibu wa wanawe wenye uwezo. Haijuzu kuilipa kwa zaka, kwa kuwa zaka hailipi wajibu ulio juu yako. Ama ndugu yako fakiri ambaye huna wajibu wa kumlisha, huyo waweza kumpa. Na nyumba ya mama isigawanywe wala isiuzwe kwa jina la urithi. Mirathi haipo ila baada ya mauti. Jueni pia kuwa wakala, katika fiqhi, huvunjika aliyeuweka anapopoteza akili. Mambo ya benki na hati yaulizwe kwa wakili mapema, akili ya mzazi ingalipo. Ikishaondoka, njia ni mahakama kumteua msimamizi.

Sita, kuhama kuwe kwa hatua. Aanze kwa kushinda mchana, kisha siku chache. Aende na vitu vyake: msala wake, khanga zake, kitanda chake ikiwezekana. Asidanganywe kuwa anakwenda matembezi.

Saba, ziara ziwe na zamu zilizoandikwa. Aliye karibu aende kwa siku zake. Aliye Doha apige simu kwa saa isiyobadilika, na likizo yake aianzie kwa mama kabla ya marafiki.

Na katika mwezi huu, asilazimishwe kufunga asiyeweza. Mkongwe mwenye akili ambaye hataweza tena, hutolewa fidia, chakula cha maskini mmoja kwa kila siku. Aliyeondokewa na akili kabisa hana saumu wala fidia. Kalamu imeinuliwa juu yake.

Ndugu zangu, usiku wa leo mpigieni simu yule dada aliyebaki nyumbani. Msianze kwa kumpa hukumu. Muulizeni amelala saa ngapi jana, na mumsikilize mpaka amalize.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape afya wazazi wetu, awarehemu waliotangulia, awape nguvu na malipo mema wanaowauguza, na atujaalie kuitekeleza amana hii kabla hatujaulizwa juu yake. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.