King'ora Kinachonyamaza Usiku wa Giza

Dar es Salaam betri za king'ora zinakufa kwa joto: kila nyuzi 10 zinapoongezeka juu ya 25, umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu. Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi ingetakiwa kuzitunza. Huku adui ni umeme unaokatika.

Kwa miaka mingi mkoa wake, Rukwa, ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukinunua umeme Zambia na kujazia kwa majenereta ya dizeli. Mwaka 2024 Zambia yenyewe ilikuwa kwenye mgao mkali, baada ya ukame kulipunguzia maji Bwawa la Kariba. Umeme ukikosekana hivyo, betri inayoishiwa kabisa kisha ikakaa bila chaji, salfeti huganda kwenye sahani zake, na uwezo uliopotea haurudi wote.

Kwa hiyo kisanduku cha king'ora kikianza kulia usiku na taa ya hitilafu ikawaka, usikimbilie dukani. Zima umeme wake, fungua, tazama. Betri iliyovimba haina mjadala, itolewe. Vichwa vyenye unga mweupe au kijani visafishwe, waya zilizolegea zikazwe. Chomoa waya mwekundu upime: betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.7, chini ya 12 imekaribia kuisha. Kisha washa umeme, upime waya zinazotoka kwenye chaja. Mifumo mingi hutoa volti 13.5 hadi 13.8. Ukikuta sifuri, tafuta fyuzi iliyoungua au chaja mbovu. Betri mpya hapo nayo itaisha tu.

Lakini mita peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoibiwa. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 ikiwa imetulia. Rudisha waya mwekundu, kikatie kisanduku umeme wa ukutani, liza king'ora kwa betri pekee, utaiona ikiporomoka kuelekea 10 mbele ya macho yako. Mfumo unaokula ampea 0.3 hukaa karibu saa 20 kwa betri mpya ya ampea-saa 7. Ikibaki robo ya uwezo, umeme ukikatika saa 2 usiku, king'ora kinanyamaza saa 7, mji umelala.

Na tafadhali, usiweke betri ya bodaboda. Imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na ile ya kuongezwa maji hutoa gesi inayoweza kulipuka ndani ya kisanduku kilichofungwa. Omba betri kavu ya king'ora, uandike tarehe juu yake kwa kalamu nene. Ikifika mwaka wa 3, ijaribu kila mwezi.