Muziki ya mbio ya Kampala, na kontra ya mtoto wako

Kama mtoto wako anashinda usiku muzima mbele ya ordinatere, anatengeneza ngoma yenye mbio sawa vile mashini ya kusaga mawe, usimfokee kwanza. Kule Kampala, mu Uganda, kuko nyumba moja ya kutoa muziki yenye kuishi juu ya makelele ya namna hiyo. Inaitwa Nyege Nyege Tapes.

Wazazi, musishtuke. Kwetu neno hilo halisemwi mbele ya mama mukwe, lakini mu Luganda maana yake ni hamu ya kucheza inayokushika kwa ghafula. Hata hivyo, mu mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kukataza festivali yao ya Jinja. Festivali ilifanyika tu.

Festivali hiyo ilianza 2015, na nyumba ya muziki ikafuata nyuma kidogo. Waanzishaji ni wageni wawili, Derek Debru na Arlen Dilsizian. Hawako chini ya kampuni kubwa ya Ulaya ao Marekani, njo maana wanaweza kutoa muziki ambayo radiyo nyingi zingeikataa. Mu 2017 walitoa mkusanyo unaoitwa Sounds of Sisso, kazi ya vijana wa studio Sisso ya Mburahati, mutaa wa watu wa kawaida mu Dar es Salaam. Muziki yao ni singeli. Inapita mapigo 200 kwa dakika moja, na moyo wa mutu mwenye kupumzika hauvuki 100! Vijana wale wanakamata kipande cha taarabu, wanakipeleka mbio, wanakirudia na kukirudia, kisha mwimbaji anasema juu yake bila kuvuta pumzi. Mu 2019 mwenzao Duke alitoa albamu yenye jina Uingizaji Hewa. Mutu aliyeshuka chini ya udongo haitaji kamusi kwa jina hilo.

Wakongomani pia wamo. Rey Sapienz alitoka mashariki ya inchi yetu, akaishi Kampala, akasaidia kuanzisha Hakuna Kulala, nyumba ndogo ndani ya nyumba kubwa. Mu 2021 alitoa Na Zala Zala pamoja na kikundi chake, Congo Techno Ensemble. Tena mambo haya si mapya kwetu. Mu Kinshasa, mzee Mawangu Mingiedi wa Konono No 1 alikamata sumaku za vyuma vya motokari vilivyokufa, akazungushia waya ya shaba, akapata mikrofoni ya likembe yake ili isikike juu ya makelele ya barabara. Nyumba ya Brussels, Crammed Discs, njo ilimpeleka ulimwenguni na albamu Congotronics, mu 2004.

Waya ya shaba, munasikia? Shaba inatoka huku kwetu. Na hapa Kisenge kuko manganezi, madini ambayo watu wa viwanda wanatia mu pile za radiyo. Sisi tunajua vizuri namna jiwe linaondoka likiwa bichi na bei yake inapandia kwingine. Muziki inaweza kupita njia ileile. Mu 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, akamurekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa yake. Mashini ilikuwa ya Tracey, na sahani ziliuzwa na Gallotone ya Afrika Kusini. Masanga ya Mwenda ilizunguka dunia mbele yake mwenyewe.

Leo mashini iko mu mikono ya kijana, na mimi naona hapo njo kumebadilika kitu. Ordinatere ya zamani inatosha. Lakini karatasi bado ni ileile. Nyumba ya muziki, hata ile yenye roho nzuri, inaishi na kontra: nani mwenye kurekodi, nani mwenye wimbo, makuta yanagawanywa namna gani, na kwa miaka ngapi. Baba aliyesaini kontra ya kazi ku kampuni ya madini anajua kusoma mambo hayo kuliko mtoto wake. Basi wasome pamoja. Kijana aandike jina la kila mutu aliyeimba ao aliyepiga, achunge faili za kwanza mahali pawili, na aulizie SOCODA, shirika la haki za watunzi mu Kongo, mbele ya kutuma chochote.

Mwenye kutaka kusikia Uingizaji Hewa, iko ku intaneti. Muanze na sauti ndogo, juu majirani wengine wametoka posti ya usiku.