Mahabusu wa Ugaidi na Majirani Zao

Aprili 2009, madiwani wa Hardin, mji wa watu wapatao 3,500 katika jimbo la Montana, Marekani, walipitisha azimio la kuomba waletewe mahabusu wa Guantánamo, kambi ya Marekani iliyoko Kuba. Mji ulikuwa umeuza hati fungani za dola milioni 27 ili kujenga gereza la vitanda 464. Lilikamilika mwaka 2007, na miaka miwili baadaye lilikuwa bado tupu: kufuli mpya, magodoro hayajalaliwa, wadai wanabisha hodi. Hardin ilitaka ajira za askari magereza, wapishi na madereva, na kama mahabusu wa ugaidi ndio wangezileta, basi na waje.

Ombi halikufika mbali. Wawakilishi wa Montana wenyewe huko Washington walilipinga, na tarehe 20 Mei Seneti ilipiga kura 90 kwa 6 kumnyima Rais Barack Obama dola milioni 80 alizoziomba ili aifunge Guantánamo. Majukwaani ilisemwa kwamba wananchi hawataki kuishi jirani na magaidi.

Swali la sura hii ni kama wakazi wawe na kauli kuhusu mahali pa kuwaweka watu hao. Wengi hulijibu wakidhani wakazi wana sauti moja, nayo ni ya hofu. Sivyo. Florence, katika jimbo la Colorado, wakazi walichangishana fedha miaka ya 1980, wakanunua ekari 600 na kuikabidhi serikali kuu ijenge magereza. Mojawapo ni ADX, lililofunguliwa mwaka 1994. Kitanda ni zege, meza ni zege, dirisha lina upana wa kiganja, na mfungwa hukaa ndani takribani saa 23 kwa siku. Humo yumo Ramzi Yousef, aliyepanga shambulio la World Trade Center la mwaka 1993. Humo pia walipelekwa waliohukumiwa mwaka 2001 kwa milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224. Hakuna aliyewahi kutoroka.

Lakini hofu si upuuzi, na New York ina haki ya kusikilizwa kuliko mji wowote. Novemba 2009 serikali ilitangaza kwamba Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulio ya Septemba 11, angeshtakiwa Manhattan. Meya Michael Bloomberg alikubali kwanza. Kisha hesabu zikaanza kutoka: vizuizi vya barabarani, walenga shabaha juu ya mapaa, ulinzi wa zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka, na kesi ambayo ingeweza kuchukua miaka. Bodi ya wakazi wa Manhattan ya chini ikataka ihamishwe, na Januari 2010 meya akageuka. Hao ni watu waliokuwa wamevuta vumbi la minara ya World Trade Center ilipoporomoka. Mwenye duka hapo alikuwa na swali halali kabisa: mteja atapitaje?

Hata hivyo, mwaka huohuo 2010 Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeletwa kutoka Guantánamo, alishtakiwa katika mtaa uleule kwa milipuko ile ya balozi ya mwaka 1998. Shughuli za mji ziliendelea, na Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kesi ya Khalid Sheikh Mohammed ilirudishwa Guantánamo, na hadi mwaka 2024 ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Familia za waliouawa ndizo zilizolipa gharama ya uamuzi huo.

Kwa hiyo wakazi wasikilizwe kwa dhati, tena mapema, kuhusu yale wanayoyajua kuliko mtu yeyote: barabara, polisi, hospitali, fidia, nani ataajiriwa. Mfano mzuri ni kikao cha hadhara kilichofanyika Illinois Desemba 2009 kuhusu kuwaweka mahabusu katika gereza la Thomson, ambapo waunga mkono na wapinzani walisimama mbele ya wabunge wa jimbo na kusema waliyonayo. Bunge la Washington liliwafungia mlango wote. Serikali kuu ililinunua gereza hilo mwaka 2012 kwa dola milioni 165, ikiahidi kwamba hakuna mtu wa Guantánamo atakayepelekwa humo.

Kura ya turufu, hata hivyo, wasipewe. Kila mji ukiweza kukataa, mahabusu hupelekwa pasipo na mpiga kura wa kulalamika, na Guantánamo ni mahali hapo hasa. Tangu Januari 2002 wamepitia humo wanaume wapatao 780, wengi wao bila kushtakiwa. Ardhi ni ya Kuba, imeshikiliwa kwa mkataba wa 1903, na serikali ya Kuba hukataa kuchukua fedha za hundi ya kodi ya dola 4,085 inayotumwa kila mwaka. Wakazi wa Caimanera, mji wa Kuba unaopakana na kambi hiyo, hawakuulizwa na mtu.