Mashini ya tansyo ya nyumbani: kabla ya bei, angalia mkono

Huku Kirotshe, kama Goma na Bukavu, mutu akitoka kupimwa anasema tansyo yake ni "14 kwa 9". Ni desturi ya waganga waliosoma kwa Kifaransa: wanahesabu kwa sentimeta za zebaki. Mashini ndogo zinazouzwa kwenye farmasi zinahesabu kwa milimeta, kwa hiyo ile 14 kwa 9 inaandikwa 140 na 90. Hapo hakuna shida, ni kuongeza sifuri tu.

Shida inakuja kwa mashini zinazoweza pia kuonyesha kipimo kingine, kPa. Kwa kipimo hicho tansyo nzuri ya 120 kwa 80 inaandikwa 16,0 na 10,7. Mama aliyezoea kusikia "12 kwa 8" akiona 16 kwenye kioo, atashtuka na pengine atameza kidonge cha pili ambacho hakuna munganga alimwandikia. Kwa hiyo jambo la kwanza pale dukani ni kuwasha mashini na kuangalia kama imeandikwa mmHg. Kama ni kPa, muuzaji aonyeshe namna ya kuibadilisha. Akishindwa, hiyo mashini ibaki kwake.

Jambo la pili ni mkono wa mwenye kupimwa, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Ule mkanda wa kitambaa unaovimba, wengine wanauita brasari, una saizi kama viatu. Wa kawaida unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimeta 22 hadi 32. Kuna mkubwa wa 32 hadi 42, na kuna unaochukua 22 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha tansyo ya uongo. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2023 kwamba watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa, walipopimwa kwa ule wa kawaida, tansyo yao ya juu ilizidi ukweli kwa karibu 20. Yaani mutu wa 125 anatangaziwa 145 na kuanzishiwa dawa za kila siku bila ugonjwa. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba unafanya kinyume: unaficha ugonjwa. Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari kwenda Goma, mtu azungushe meta ya fundi wa nguo katikati ya bega na kiwiko, aandike namba, aende nayo.

Zile za kuvaa kwenye kifundo cha mkono zinavutia kwa sababu ni ndogo na zinaingia mfukoni. Lakini zinataka kifundo kikae sawasawa na moyo. Kikishuka sentimeta 10 tu chini ya moyo, namba inapanda kwa 7 au 8. Za kidole ni afadhali kuziacha kabisa. Ile ya kubinya mpira na kusikiliza kwa masikio inahitaji mutu aliyefunzwa, na ikianguka sindano yake inaweza kudanganya bila kuonyesha. Kwa nyumba ya kawaida, inayofaa ni ya kujipima yenyewe, yenye mkanda wa mkono wa juu.

Na jina zuri kwenye karto halitoshi, hata alama ya CE haimaanishi kwamba usahihi wake ulijaribiwa kwa watu. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kutafuta jina na namba ya modeli kwenye orodha ya STRIDE BP, ambayo ni ya bure na inataja mashini zilizopita majaribio. Mama mwenye mimba aangalie zaidi, maana mashini iliyojaribiwa kwa watu wengine inaweza kukosea kwake. Iko moja, Microlife CRADLE VSA, iliyotengenezwa kwa ajili ya wajawazito: inachajiwa kwa kamba ya simu na inaonyesha rangi ya kijani, njano au nyekundu. Ilijaribiwa hata Uganda na Zambia, lakini hiyo ni zaidi ya maternite kuliko ya nyumbani.

Kuhusu umeme, mashini ya mapile ya kawaida inafaa zaidi huku, kwa kuwa mapile yanapatikana hata sokoni Sake. Watu waliokimbia na mizigo kichwani Januari 2025 wanajua pia thamani ya kitu chepesi. Isipotumika muda mrefu, mapile yatolewe yasije yakavuja.

Bei ikishinda nyumba moja, wamama wa likirimba wanaweza kununua moja pamoja, ilimradi mkanda wake unachukua mikono yote. Mashini moja nzuri ya nyumba kumi inashinda kumi za kifundo.

Kupima kwenyewe: kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkanda juu ya ngozi, mkono juu ya meza. Kahawa na sigara zisubiri nusu saa. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, kwa siku 7, na namba za siku ya kwanza haziingii kwenye hesabu. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, siyo 140 kwa 90 ya hospitali, kwa sababu mbele ya munganga wengi tansyo inapanda kidogo. Ikifika 180 kwa 120, pumzika dakika chache, rudia. Kama kuna maumivu ya kifua, kuhema, mdomo kupinda au mkono kulegea, hakuna kurudia: ni kwenda hospitali mara moja. Mjamzito hasubiri hata hiyo. Kuanzia 140 kwa 90 aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mashini mpya ipelekwe kwanza kituoni, mganga apime kwa yake, kisha kwa ile mpya, mkono ule ule. Tofauti ikizidi 10 kila mara, irudi dukani risiti ikiwa bado mfukoni. Na dawa, iwe namba imepanda au imeshuka, zinabadilishwa na munganga aliyeziandika.