Kumwingiza Kijana Chuoni Si Kumfikisha

Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu nchini Marekani watu milioni 62.1 wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na kwingineko kunakosemwa Kihispania. Hao ni takriban watu 19 katika kila watu 100 wa taifa lile. Hata hivyo, katika madarasa ya elimu ya kompyuta na katika makampuni yaajiriyo wataalamu wa fani hiyo, fungu lao ni dogo mno. Je, wamepungukiwa na akili? Hasha! Walichopungukiwa ni njia.

Wengi wa vijana hao ndio wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo kikuu. Wengine husoma mchana, na jioni hufanya kazi za kijungumeko ili kuwasaidia wazazi. Darasani huwakuta wenzao waliozoea kompyuta tangu utotoni, na somo likaanzia pale ambapo wao hawajafika. Mtihani wa kwanza ukiwaangusha, hudhani kwamba hawakuumbiwa fani hiyo, wakaiacha.

Dawa imo katika vyuo vyenyewe. Sheria ya Marekani hukitambua kwa namna ya pekee chuo ambacho angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni wa asili hiyo. Baadhi ya vyuo hivyo viliunda ushirika uitwao CAHSI, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mpakani mwa Meksiko. Ushirika huo ulianzisha somo la utangulizi kwa mwanafunzi ambaye hajapata kuandika programu. Aidha, mwanafunzi aliyefaulu somo gumu hupewa kikundi kidogo cha wenzake wanaolisoma. Hukutana nao kila wiki, wala hawapi majibu, bali huwauliza maswali mpaka wayapate wenyewe.

Sisi tuliosomea Kurani chuoni hatuuoni mtindo huu kuwa mgeni. Aliyekwisha kuzivuka juzuu zake ndiye aliyemshika mkono aliyeanza alifu, na mwalimu akiwasimamia wote wawili.

Lakini mnamo Septemba 2025, Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kusitisha sehemu ya ruzuku za vyuo hivyo, ikidai kwamba kuzigawa kwa kutazama asili ya wanafunzi ni kinyume cha Katiba. Hoja hiyo imesahau jambo moja: ruzuku hiyo hupewa chuo. Maabara ikijengwa, au mwalimu akiajiriwa, hufaidika kila mwanafunzi aliyemo, awe wa asili yoyote.

Kikundi cha wanafunzi hakihitaji fedha nyingi, lakini hakiendeshwi kwa dua peke yake. Anayekiongoza naye ana karo ya kulipa na tumbo la kulisha. Asipolipwa ujira wake mdogo, atakwenda kuutafuta dukani.

Kwa hiyo wenye dhamana ya elimu, popote walipo, wasiridhike na hesabu ya vijana walioingia mlangoni. Wawahesabu waliotoka na shahada, kisha wawahesabu waliopata kazi. Tofauti iliyopo kati ya hesabu hizo ni vijana wa watu, na hao ndio tutakaoulizwa.